Barua ya kukataliwa si amri ya jeshi

Mazungumzo ya juma, kama yalivyosomwa redioni



Juma hili nataka tuzungumze juu ya karatasi moja. Ni karatasi nyepesi yenye mhuri na sahihi, na maneno yake hayazidi mistari sita. Niliiona katika nyumba moja ya Ngamiani, hapa Tanga, kwenye zile barabara zetu zinazoitwa kwa namba. Mwenye nyumba ni mzee aliyekwenda Vita vya Kagera akiwa kijana, akarudi na mguu usiokunjika. Aliitoa karatasi hiyo kwenye sanduku la bati, ikiwa imefungwa ndani ya mfuko wa nailoni pamoja na picha yake ya zamani akiwa amevaa magwanda.

Mistari ile sita ilimwarifu kwamba ombi lake la malipo ya ulemavu limechunguzwa na halikukubaliwa, kwa kuwa haikuthibitika kwamba ulemavu huo ulitokana na kazi ya jeshi.

Nilimwuliza, "Mzee, ulipoipata barua hii ulifanya nini?"

"Niliisoma, mwanangu, nikaikunja, nikaiweka."

"Hukuandika kuuliza?"

Akanitazama kama mkubwa anavyomtazama kuruta aliyekosea hatua. "Mimi ni askari," akasema. "Mkubwa akishasema, amesema."

Miaka tisa karatasi ile imekaa sandukuni.

Ndugu wasikilizaji, jibu la mzee huyu limenikaa kichwani. Maana ni jibu zuri, tena ndilo jibu lililotuokoa. Jeshi la Idi Amin lilipoingia Kagera mwezi Oktoba 1978, kama askari wetu wangekuwa watu wa kubishana na kila amri, Kampala isingechukuliwa Aprili 11, 1979. Utii ni silaha ya askari, na hufundishwa nayo kabla hajapewa bunduki. Lakini yako mambo mawili ambayo hapana budi tuyatenganishe. Amri ya vita ni jambo moja. Barua ya karani kuhusu malipo ya mguu ni jambo jingine. Ya kwanza hutiiwa papo hapo. Ya pili huulizwa, hujibiwa, na ikibidi hukatiwa rufani. Askari akiisha kuvua magwanda ni raia, na raia hakatazwi kuuliza.

Wala sisemi haya kwa kujitungia. Fungueni Katiba ya Jamhuri ya Muungano, Ibara ya 13, ibara ndogo ya 6, kifungu (a). Pale imeandikwa kwamba wakati haki na wajibu wa mtu vinapohitaji kuamuliwa na mahakama au na chombo kingine kinachohusika, mtu huyo ana haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu, na pia haki ya kukata rufani au kupata nafuu nyingine ya kisheria. Tazameni maneno hayo, "chombo kingine". Katiba haikuishia mahakamani. Ofisi inayokaa na kuamua kama mguu wa mtu ulivunjwa na vita au ulivunjwa na baiskeli inaamua haki ya mtu, nayo inaguswa na kifungu hicho. Kifungu hiki kiliingia katika Katiba yetu pamoja na Hati ya Haki za Binadamu katika mabadiliko ya mwaka 1984. Si kigeni, wala si cha jana.

Sasa tuliangalie neno lililomwangusha mzee wetu, neno "haikuthibitika". Sisi watu wa Tanga tunalijua neno hilo tangu zamani, maana mji huu umeshuhudia vita na umeshuhudia pia jinsi vita vinavyosahauliwa.

Mwezi Novemba 1914, kuanzia tarehe 2 hadi 5, Waingereza waliteremsha hapa kikosi cha watu wapatao 8,000, wengi wao wakiwa wametolewa India. Wajerumani, chini ya Paul von Lettow-Vorbeck, walikuwa kiasi cha 1,000 tu, na wengi wa hao walikuwa askari wa Kiafrika. Mapigano yalifika hadi ndani ya mji, na hata nyuki waliingia vitani kwa kuwavamia watu vichakani. Waingereza walipoteza zaidi ya watu 800, waliokufa, waliojeruhiwa na waliopotea, wakarudi melini. Mwezi Januari uliofuata mapigano yalihamia Jasini, huku mpakani, na makaburi ya vita hivyo mnayaona mpaka leo.

Je, askari wale wa Kiafrika waliowapigania Wajerumani walilipwaje? Vita viliisha mwaka 1918, Wajerumani wakaondoka, na askari wakabaki na vipande vya karatasi. Ilipita miaka 46. Mwaka 1964 ndipo Bunge la Ujerumani Magharibi lilipokubali kuwalipa waliokuwa bado hai. Husimuliwa kwamba ofisi ya malipo ilifunguliwa Mwanza, wazee wakaja kwa mamia, lakini wenye hati walikuwa wachache mno. Wengine walileta mabaki ya sare zao. Yule mwenye fedha alipotatizika, akatafuta ufagio. Kila mzee aliyefika mbele alikabidhiwa ufagio ule na kutolewa amri za gwaride kwa Kijerumani: bega silaha, teremsha silaha. Na husimuliwa kwamba hapakuwa na mmoja aliyeshindwa.

Kisa hiki huwachekesha watu, nami nilipokisikia mara ya kwanza nilicheka. Lakini mtu akikitafakari, kicheko hukoma. Mzee wa miaka sabini anacheza gwaride la ufagio ili aaminiwe. Hata hivyo, kina funzo moja jema. Yule mlipaji angeweza kusema "haikuthibitika" akafunga dirisha. Badala yake alitambua kwamba kukosa karatasi si kukosa ukweli, akatafuta njia nyingine ya kuupata ukweli. Hivyo ndivyo afisa mwenye busara anavyofanya.

Na karatasi hukosekana kwa sababu ambazo si kosa la askari. Mwezi Aprili 2021, tume inayotunza makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri hadharani kwamba makumi ya maelfu ya watu waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza, hasa Waafrika na Wahindi, hawakukumbukwa kwa majina kama walivyokumbukwa wenzao, ikaomba radhi. Kama waliokufa hawakuandikwa, seuze aliyerudi akichechemea na kwenda zake kijijini?

Pengine msikilizaji atasema, "Hayo ni ya wakoloni. Na wakubwa wa dunia wenyewe huwafanyaje askari wao?" Swali zuri. Hata wao walichelewa. Katikati ya Vita Kuu ya Pili, manung'uniko ya askari walionyimwa pensheni yalikuwa makubwa Uingereza, na ndipo mwaka 1943 Bunge lao lilipotunga sheria ya mabaraza ya rufani za pensheni za vita. Aliyekataliwa na wizara alipata mahali pa kwenda, mbele ya watu wasio wa wizara ile. Zaidi ya hapo, mzigo ulihamishwa. Mtu aliyeingia jeshini mzima akatoka mgonjwa hakutakiwa tena yeye athibitishe kwamba jeshi ndilo lililomwumiza, na pakiwa na shaka ya maana, shaka hiyo ilimfaidia yeye.

Marekani nayo, yenye askari wa zamani kwa mamilioni, ilikaa muda mrefu bila ya kumruhusu askari aliyenyimwa malipo ya ulemavu kwenda mahakamani. Aliishia kwenye bodi ya idara ile ile iliyomnyima. Sheria ya kumfungulia mlango wa mahakama ilipitishwa mwaka 1988.

Na hapa kuna jambo ambalo mawakili wetu wa Tanga wanalijua, ingawa huenda hawakumbuki asili yake. Katika kesi za jinai mnasikia kila siku kwamba upande wa mashtaka lazima uthibitishe kesi pasipo kuacha shaka ya maana. Maelezo yanayonukuliwa mara kwa mara katika mahakama za Afrika Mashariki juu ya maana ya maneno hayo ni ya Jaji Denning wa Uingereza, mwaka 1947. Aliyatoa katika shauri gani? Si la mauaji wala la wizi. Yalikuwa madai ya mjane wa askari, Miller dhidi ya Waziri wa Pensheni. Mumewe aliugua koo akiwa jeshini, akafa, mjane akanyimwa pensheni, akakata rufani.

Nawaambieni na mwisho wake, nisije nikaonekana ninauza ndoto. Mjane yule alishindwa. Jaji aliona kwamba ugonjwa ule haukutokana na kazi ya jeshi. Lakini alisikilizwa, akapewa sababu, na sababu zile zimekuwa ngao ya washtakiwa wengi wasiomjua, hata katika mahakama zetu. Rufani si ahadi ya fedha. Ni ahadi kwamba uamuzi utaangaliwa na jicho jingine.

Turudi nyumbani. Vita vya Kagera viliwakusanya watu wa kila namna. Walikwenda askari wa JWTZ, vijana wa JKT, polisi, magereza, na wanamgambo waliotolewa mashambani na viwandani. Mwanamgambo wa Pangani au Handeni aliyeteguka mgongo akibeba sanduku la risasi hakuwa na muda wa kudai cheti. Alikandwa na maji ya moto, akaendelea na safari. Yako pia majeraha yasiyoonekana siku ya kwanza. Masikio yaliyozibwa na mizinga huja kudhihirika uzeeni. Kipande cha bomu kilichoachwa mwilini husogea. Na kuna yule anayeamka usiku akipiga kelele, ambaye mtaa mzima humwita mwendawazimu, na hakuna anayeuliza alikuwa wapi mwaka 1979.

Wala jambo hili si la wazee peke yao. Tarehe 7 Desemba 2017, huko Semuliki, Kivu ya Kaskazini, waasi waliishambulia kambi ya walinda amani. Waliuawa askari wetu wasiopungua 14, na zaidi ya 40 wakajeruhiwa. Hao ni vijana. Umoja wa Mataifa una utaratibu wa fidia kwa walinda amani: kuna kiasi kilichowekwa kwa anayefariki, na mlemavu hulipwa fungu la kiasi hicho kwa kadiri ya asilimia ya ulemavu wake. Madai hayo hupitia serikali ya nchi ya askari. Kwa hiyo ile asilimia anayoiandika daktari si tarakimu ya kupitishiwa macho tu. Aliyeandikiwa asilimia kumi na aliyeandikiwa thelathini hawalipwi sawa, hata kama wote wawili wanachechemea. Naye anayeona asilimia yake haifanani na hali yake ana neno la kusema, ilimradi alijue na alisema mapema.

Basi afanye nini aliyepata barua kama ile ya mzee wangu? Nimewauliza wanaoijua sheria, na ninayaeleza kwa lugha ya kawaida.

Kwanza, siku unayopokea barua, andika tarehe nyuma yake. Usiudharau wino huo. Sheria huhesabu siku, na siku zisizo na kumbukumbu humla mwenye haki.

Pili, iandikie ofisi ile ile iliyokukataa. Usitukane, wala usilie. Omba mambo mawili: sababu za uamuzi kwa maandishi, na nakala ya taarifa ya daktari iliyotumika. Kama uliingia jeshini ukapimwa ukaonekana mzima, uliza karatasi ya kipimo hicho iko wapi. Karatasi hiyo haikuwekwa nyumbani kwako, iliwekwa kwao. Iko Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, inayompa raia haki ya kuomba taarifa kwenye ofisi ya umma na kutaka ajibiwe ndani ya siku 30. Ni kweli sheria hiyo inalinda siri za usalama wa taifa, na ni sawa. Lakini goti lako si siri ya taifa.

Tatu, tafuta wenzako. Kama mlikuwa kombania moja na mwenzako yuko Muheza au Korogwe, mfuate angali hai. Maneno yake yaandikwe katika hati ya kiapo mbele ya hakimu au wakili mwenye mamlaka ya kuapisha: jina, namba ya jeshi, kikosi, mahali, na alichokiona kwa macho yake mwenyewe. Kapimwe upya pia, na daktari aandike hali ilivyo leo na anavyoiona asili yake.

Nne, kila barua unayopeleka iwe na nakala, na nakala hiyo igongwe mhuri masjala. Barua isiyo na mhuri ni hadithi.

Tano, ukikataliwa tena, panda ngazi kwa ngazi, hadi Makao Makuu na Wizara ya Ulinzi. Nje ya hapo iko Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, iliyoanza kazi mwaka 2001 kushika nafasi ya ile Tume ya Kudumu ya Uchunguzi ambayo wazee wanaikumbuka. Na iko Mahakama Kuu, ambayo ina masjala hapa hapa Tanga. Mahakama inaweza kuombwa iangalie kama uamuzi wa ofisi ya umma ulifuata sheria na kama mtu alisikilizwa. Haitakupima mguu, lakini inaweza kuutengua uamuzi na kuamuru ufanywe upya kwa haki. Ila ruhusa ya kufungua shauri la namna hiyo huombwa ndani ya miezi sita. Asiye na fedha ya wakili asikate tamaa. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imewatambua wanaotoa msaada huo, wakiwamo wasaidizi wa kisheria wa mitaani.

Miezi sita, ndugu wasikilizaji. Mzee wangu alikaa miaka tisa. Akitaka leo kwenda Mahakama Kuu, itambidi kwanza aombe kuongezewa muda, na mahakama zetu humtaka mwombaji aeleze kila siku aliyochelewa. Atasema nini? Kwamba alikuwa akitii?

Hapo ndipo neno langu linapowageukia wenye ofisi. Siwatuhumu wote. Najua kuna wanaodai majeraha waliyoyapata kwa pombe, na najua mlinda fedha za umma hana budi kuwa mkali. Lakini barua inayomkatalia mtu isiishie kwenye neno "halikukubaliwa". Ongezeni mistari mitatu tu: sababu ni hii, hukuridhika unaweza kuandika kwa fulani, muda wako ni siku kadha. Mistari mitatu haimalizi wino wa serikali. Isipokuwapo, aliye mtii kuliko wote ndiye anayeumia kuliko wote. Mjuaji wa mjini atauliza, atarudi, atapata. Yule aliyefunzwa kusema "ndiyo afande" ataikunja barua na kuiweka sandukuni. Je, hiyo ndiyo zawadi ya utii?

Kila mwaka Julai 25, Siku ya Mashujaa, tunaweka mashada na silaha za asili penye minara yetu, tarumbeta zinalia, na sote tunasimama kimya. Ni heshima inayostahili. Lakini shada halimsaidii aliye hai kupanda ngazi za hospitali. Waliokufa tuwakumbuke kwa maua, na waliorudi tuwakumbuke kwa kuyasoma mafaili yao.

Wiki iliyopita nilirudi Ngamiani. Mzee alikuwa amekaa barazani, mguu ameunyoosha juu ya kigoda. Mjukuu wake wa kike, anayesoma sekondari, alileta daftari, tukaandika barua watatu sisi. Mzee alisita mara moja tu, tulipofika mahali pa kusema "siridhiki na uamuzi huo".

"Hilo neno si kali?" akauliza.

"Si kali, babu," akajibu mjukuu. "Ndiyo kweli."

Mzee akanyamaza kidogo, kisha akatia sahihi, na chini ya jina lake akaandika namba yake ya jeshi bila ya kuitafuta popote. Jumatatu barua ilipelekwa, na nakala imerudi na mhuri wa masjala. Sasa iko ndani ya lile sanduku la bati, juu ya ile ya zamani. Jibu bado halijaja.

Nawatakieni juma jema. Kwaherini.